Shamba la Ishirini na Moja

Langas, Eldoret
24 Septemba 2024

Tata mpendwa,

Shangazi yangu, nakuandikia nikiwa na afya, na ninaomba hata wewe uwe nayo, na mgongo uwe umekuachilia kidogo. Chumba changu hakivuji tena. Njenga alinipigia Jumapili kutoka Gilgil, anasema amepata kazi ya kupakia mawe, na analalamika kwamba wewe, mama yake, hujibu ujumbe wa simu. Nilimwambia tangu masikio yakatae ulishaamua simu ni ya wanaosikia, na karatasi haiishiwi chaji. Kituyi wa lori la maziwa amekubali kuwa posta wetu. Ataziacha barua dukani hapo Ziwa.

Sitakuja mwezi huu, na labda si kabla ya Januari. Usiudhike. Kazi niliyopewa na shirika la misaada lililoniajiri inahusu eneo lenu hasa, na karani mwenye kazi hiyo haruhusiwi kukanyaga huko wala kuzungumza na mkulima yeyote habari za mavuno mpaka matokeo yatangazwe. Tulitia sahihi. Hata barua hii, tafadhali, ukishaisoma iweke ndani.

Nikueleze, maana watu watakuuliza. Baada ya ile mvua ya mawe ya Julai na viwavi waliofuata, shirika limeahidi mbegu na mbolea za kupandia Machi kwa kila mkulima wa eneo, iwapo mkulima wa katikati atavuna chini ya magunia manane kwa ekari. Akifikisha manane, hakuna anayepata. Mashamba ni zaidi ya elfu moja, hatuwezi kuyapima yote. Kwa hiyo tunachagua arobaini na moja kwa kura. Kompyuta inatoa namba bila kumjua mtu. Vijana wanakwenda na kamba na mizani, wanapima mraba shambani, wanavuna mraba huo tu, wanapima uzito. Kisha tunayapanga mashamba kuanzia lenye mavuno haba hadi lenye mengi, na la ishirini na moja ndilo la katikati.

Ni kama ulivyotupanga darasa la sita kwa urefu, ukawa unamtoa mmoja mbele na mmoja nyuma, mpaka akabaki Shiko peke yake analia, akidhani ameadhibiwa. Ulituambia jitu moja refu likiingia darasani hupandisha wastani, lakini aliye katikati halimsumbui. Jana nilipokuwa na orodha mbele yangu nililikumbuka somo hilo. Lilinituliza.

Kuna jambo lingine, ila lisubiri.

Mwanao,
Kinuthia

Ziwa
19 Oktoba 2024

Kinuthia mwanangu,

Salamu zako zilifika zikinuka maziwa. Mimi sijambo. Mgongo ni mgongo. Kuku wawili hawaonekani, ama wameibwa ama wametuchoka. Chelimo jirani anakusalimu na anauliza kama huko mjini kuna wasichana au kuna makaratasi tu.

Vijana wenu walipita Jumanne. Huyo msichana Brenda ana adabu. Anakutazama usoni akiongea ili umsome midomo. Niliwaita wakanywa chai, kisha wakaendelea na kamba yao hadi kwa Mzee Kimutai, kule chini mtoni. Kimutai aliwaambia, eti, "Mpime vizuri, na mkimaliza mpime na mke wangu, anasema amekonda."

Hujaniuliza mahindi yangu yakoje. Najua umekatazwa kuuliza. Mimi sijakatazwa kusema, lakini sitasema, maana nakujua, utakosa usingizi na kazi ni mpya.

Mwenye shamba alipita vilevile. Nimekodi kwake ekari hizi nne miaka kumi na tisa na hajawahi kukaa kitako. Safari hii alikaa. Anasema ifikapo mwisho wa Machi, aliyepanda amepanda, na ambaye hajapanda amwachie kijana wake, anataka kuotesha parachichi. Alisema kwa upole, akaniandikia kwenye karatasi ili nisikosee. Kwa hiyo hizo mbegu zenu zikija, mwanangu, zije mapema.

Kula vizuri.

Tata wako,
Wanja

Langas
18 Novemba 2024

Tata mpendwa,

Unisamehe kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nne. Mimi ni mzima. Mpe Chelimo salamu, mwambie ni makaratasi tu.

Uzito wa mashamba unaingia polepole. Kila jioni Brenda anaweka fomu mezani kwangu, mimi naingiza namba kwenye kompyuta, na kila namba ikiingia nafsi yangu inauliza iko upande gani wa nane. Karani hatakiwi kuuliza hivyo. Karani anatakiwa kuandika. Bwana Obiero, meneja wetu, alinikuta nimesimamisha kidole hewani akasema, "Kinuthia, unaomba au unapiga chapa?" Wote wakacheka. Nami nikacheka.

Tata, nina swali, na usiniulize ni la nini. Vijana walipokunywa chai kwako, Brenda alikuonyesha karatasi yoyote?

Na mahindi. Sasa nauliza. Magunia mangapi kwa ekari?

Mwanao,
Kinuthia

Ziwa
12 Desemba 2024

Kinuthia mwanangu,

Barua yako ilikaa dukani wiki mbili kwa sababu Kituyi alikuwa amefiwa na mkwewe huko Webuye. Tumempa pole, nawe umpe ukimwona.

Tumemaliza kupukuchua. Chelimo alikuja na binti yake, tukaketi watatu nyuma ya jikoni, na saa saba mchana tulikuwa tumeshafagia. Mwaka juzi tulihitaji siku nne na vibarua. Chelimo aliandika kwenye daftari lake, lile analoniandikia nisichosikia: "Mwalimu, kumbe kazi ni rahisi hivi!" Tulicheka mpaka binti yake akatushangaa.

Huku watu wamejua uko ofisi ya mbegu. Kanisani wananishika mkono kwa mikono miwili. Mimi nawaambia kijana wangu ni wa kuandika tu, hagawi. Hawaamini.

Usitume unga. Na ukikutana na mtu wa huku, usimuulize habari za ng'ombe wangu.

Krismasi njema. Imba, hata kama sauti yako ni ile.

Tata wako,
Wanja

Langas
17 Januari 2025

Tata mpendwa,

Heri ya mwaka mpya iliyochelewa. Njenga aliniambia mlikula pamoja na kwamba umepungua. Wewe hukuniandikia hilo. Swali langu la karatasi nalo hukulijibu.

Matokeo yametoka, yatasomwa kwenu barazani mwanzoni mwa Februari. Nakuandikia wewe kwanza, ingawa sina ruhusa, ili usiyapokee mbele ya watu.

Shamba la ishirini lilitoa magunia saba na nusu kwa ekari. La ishirini na moja lilitoa manane na robo. Katikati ya mashamba hayo mawili hakuna kitu, Tata. Ni shimo tu, na mstari wa nane umepita ndani ya shimo hilo. Hakuna mbegu.

Nilijaribu. Nilimwendea Bwana Obiero nikamweleza kwamba mashamba arobaini na moja hayawezi kutoa namba moja ya kuapia. Ukifanya hesabu kwa uaminifu, unachoweza kusema ni kwamba mkulima wa katikati wa eneo lote yuko mahali fulani kati ya shamba la kumi na nne na la ishirini na nane, yaani kati ya magunia sita na kumi na nusu. Nane iko humo ndani. Hatujui iko upande gani. Huo ndio ukweli wote tulio nao.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mzuri. Akasema, "Sasa nikawaambie nini? Nusu ya mbegu? Gunia huwezi kulijaza 'kati ya'."

Nikarudi mezani.

Si hayo tu niliyotaka kukuandikia, ila mkono umekataa.

Mwanao,
Kinuthia

Ziwa
8 Februari 2025

Kinuthia mwanangu,

Hatujambo. Jua ni kali na upepo unabeba vumbi mpaka ndani ya sufuria.

Baraza lilikuwa Alhamisi. Niliketi na Chelimo, akawa ananiandikia daftarini kila anayesimama, na daftari hilo ninalo hapa. Nakunakilia, kwa sababu ni vizuri uyasome.

Chifu: Magunia manane na robo. Hamkufika chini.

Marion wa kinyozi: Nani huyo alivuna manane na robo? Asimame tumwone. Tumwombe unga.

Kicheko.

Mzee Kimutai: Mimi walinipima, nilipata kumi na moja. Shamba langu liko mtoni, hata mawe ya mbinguni yanaliogopa. Sikuwaita. Walikuja wenyewe na kamba yao, hata mimi nikashangaa.

Marion: Mzee, ungewafungulia mbwa!

Kimutai: Mbwa mwenyewe ameshiba, hawezi kukimbia.

Kicheko tena. Kisha Chelimo akaandika: "Huyu wa nyuma analia." Sikugeuka kumtazama.

Mtu mmoja akauliza walichaguaje. Chifu akasema kompyuta ilichagua, nayo haina ndugu. Watu wakakubali. Ndivyo ilivyoandikwa daftarini: wakakubali. Hakuna aliyerusha neno baya kwa mtu wa jamii nyingine. Nililiona hilo, na nilijua lina thamani yake hapa kwetu. Tulirudi nyumbani kwa amani, wote tukiwa mikono mitupu.

Chelimo anasema mumewe anataka waende Kitale kwa kaka yake. Mimi bado nina wiki saba.

Tata wako,
Wanja

Langas
21 Februari 2025

Tata,

Sina habari za nyumbani za kutanguliza. Naomba usome mpaka mwisho.

Siku niliyochagua majina, kompyuta ilitoa namba 407. Nilipoitafuta orodhani nikakuta jina lako.

Nilipaswa kwenda kwa Bwana Obiero nikamwambia huyu ni shangazi yangu aliyenilea, apewe karani mwingine. Lakini siku ya kuajiriwa tuliulizwa kama tuna ndugu eneo lile, nami niliandika sina, kwa kuogopa kukosa kazi. Kusema kweli kungefichua ule uongo. Na kama ningenyamaza nikuache orodhani, nilimwona mtu amesimama barazani akisema: karani amemchagua wa kwao, shangazi yake, ama ili sisi tukose, ama ili wao wapate. Unajua maneno ya namna hiyo yanavyowaka huko kwetu. Nilikuwa darasa la kwanza tulipolala kanisani wiki tatu, tukikimbia vita vya baada ya uchaguzi. Wewe ndiye uliyenifunika.

Kanuni inasema mkulima akiwa amehama, chukua jina linalofuata. Nikapiga mstari juu ya jina lako. Pembeni nikaandika: amehama. Jina lililofuata lilikuwa la Mzee Kimutai.

Nilijiambia ni shamba moja kati ya arobaini na moja. Nilijiambia katikati haisogezwi na mtu mmoja.

Njenga ameniambia ulivuna manne kwa ekari. Nimepanga mashamba upya na wewe ndani, Kimutai nje. Nimefanya hivyo mara nyingi sana, kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta funguo. Chini ya nane wanakuwa ishirini na moja badala ya ishirini. Shamba la katikati linakuwa lile la saba na nusu. Eneo lote lingepata mbegu.

Juzi nilimwambia Bwana Obiero kila kitu. Alifunga mlango. Nilidhani atanifukuza, na nilitaka anifukuze.

"Shamba lake lilipimwa?" akauliza.

"Halikupimwa, bwana."

"Mahindi yako wapi?"

"Yameliwa."

"Sasa unataka nikapime magunzi? Neno la mama wa watu si uzito. Nikilifungua hili nafuta mashamba yote arobaini na moja, na hakuna hata moja ninaloweza kulipima tena. Wafadhili wataondoka, na mwakani hakutakuwa na kura ya kuharibu." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Rudi kazini, Kinuthia. Na usiseme tena."

Nimerudi kazini.

Sikuombi kitu. Nilitaka ulijue kutoka kwangu.

Kinuthia

Ziwa
29 Machi 2025

Kinuthia,

Barua yako ilifika siku tatu baada ya kuandikwa. Kuchelewa huku kote ni kwangu.

Nilijua tangu Oktoba. Ulipouliza kuhusu karatasi sikukujibu, sasa nakujibu. Brenda aliponiona nje ya nyumba iliyopaswa kuwa tupu hakuelewa, akanionyesha orodha ili nijisomee mwenyewe. Jina langu, mstari juu yake, na neno moja pembeni, kwa mwandiko wako. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika herufi ya h kwa mkia mrefu. Nilimwambia yule msichana kwamba Wanja ni mwenye nyumba wa zamani, amehama kweli, na mimi ni mgeni. Alikunywa chai akaenda.

Basi tulidanganya wawili. Wewe uliogopa baraza, mimi niliogopa ufukuzwe. Na mimi vilevile nilisema moyoni: shamba moja, katikati haitasogea. Nilijituliza kwa somo langu mwenyewe. Darasa la sita sikuwaambia yote. Jitu refu likizidi kurefuka hapo hapo lilipo, aliye katikati hajali. Lakini ukimtoa mfupi ukaweka mrefu mahali pake, mstari mzima unasogea hatua moja, na hatua hiyo inaweza kuangukia shimoni. Nililijua hilo. Niliona ni gumu kwa watoto, nikaliruka.

Barazani niliketi katikati ya watu nikiwa na jibu lao mfukoni, nikasoma daftari, nikanyamaza. Hilo si lako. Hilo ni langu, na nitakwenda nalo.

Mvua imeanza. Kijana wa mwenye shamba amekwisha kupigilia vigingi vya parachichi mpaka karibu na jikoni. Chelimo ameshaenda Kitale, hatukuagana vizuri, sote wawili tulijifanya tuna haraka. Njenga anakuja kesho kunichukua. Gilgil ana chumba kimoja na anasema tutapanga pazia.

Usije kunisaidia kufunga mizigo. Ningekuona ningekuonea huruma, na sitaki bado. Kusamehe nitakuandikia siku nitakapoweza. Leo nikiandika nitakuwa nimeandika tu.

Wanja

Langas
2 Mei 2025

Tata,

Nimepata anwani ya Gilgil kwa Njenga. Anasema umefika salama, na kwamba umeanza kuwafundisha hesabu watoto wa wapangaji wenzenu wa plotini bila kuombwa. Sikuja, kama ulivyosema. Siku ile nilisimama kituo cha mafuta cha barabara ya Nakuru kuanzia asubuhi. Sijui kama mlipita.

Hujaniandikia, nami sikuharakishi. Nakuandikia habari za kazi, kwa sababu hakuna mtu mwingine ninayeweza kumwandikia hizi akazielewa.

Mkataba wangu umeongezwa. Orodha mpya ya wakulima wa eneo imeletwa juzi, nami ndiye nitakayechagua tena. Waliohama wamefutwa, safari hii ni waliohama kweli. Nilichukua orodha ya yale mashamba arobaini na moja ya mwaka jana nikaangalia nani amebaki. Sita hawapo. Wote sita walikuwa chini ya nane. Wenye tisa, kumi, kumi na moja, wote wapo.

Nikayapanga thelathini na matano yaliyobaki, kwa mavuno yale yale ya mwaka jana, bila kuongeza hata punje moja. Shamba la katikati sasa lina magunia tisa na nusu.

Ndivyo itakavyokuwa, Tata. Kila aliyeshindwa akiondoka, katikati itapanda. Mwaka ujao itapanda zaidi. Hakuna atakayekuwa amevuna zaidi.

Bwana Obiero alipita nyuma ya kiti changu akaiona ile namba kwenye kioo cha kompyuta. Alifurahi kwa dhati. Aliniwekea mkono begani.

"Unaona?" akasema. "Watu wa Ziwa wameanza kuinuka."

Nikamjibu, "Ndiyo, bwana."

Kinuthia